Chachu ya Sittana

"Mama, toa! Toa, inaunguza!"

Tonge la dilka lilikuwa bado mkononi mwa Sittana. Hakuwa amelisugua hata sawasawa kwenye mkono wa binti yake. Alilitupa bakulini, akachukua kitambaa chenye maji, na pale alipofuta, ngozi ya Rihab ilitoka pamoja na kitambaa, nyembamba kama ganda la kitunguu. Chini yake palikuwa pekundu, pabichi.

Walitazamana. Harusi ilikuwa wiki ijayo. Hapa Obeid, Sudan, bibi harusi hachezi amejifunika. Hucheza mbele ya wanawake wa pande zote mbili, mikono wazi, shingo wazi, akijiangusha ghafla ili bwana harusi amdake, na kila mgeni aliyekuja na zawadi amekuja pia na macho ya kukagua. Ndiyo maana hufungiwa ndani, akakalishwa jioni juu ya shimo la moshi wa mti wa talha, kisha akasuguliwa dilka, ambayo ni singo yetu sisi: unga wa mtama uliochachushwa, ukatiwa karafuu, mahlabu na sandali, ukafukizwa mpaka ukawa na rangi ya tende. Na ukisema dilka katika mtaa ule, mtu atakuuliza kwanza: ya Sittana au ya dukani?

"Umejipaka nini?" Sittana aliuliza.

"Sijajipaka kitu."

"Rihab."

"Labda unga umechacha sana, mama."

Sittana aliinamia ule mkono akaunusa. Pua yake ilikuwa imekua na chachu tangu alipokuwa akibebwa mgongoni. Ilipita karafuu, ikapita moshi, ikapita uchachu, na chini kabisa ikakuta harufu ambayo haikutoka katika chungu chake. Harufu ya duka la dawa. Aliinuka, akaingiza mkono chini ya godoro la kitanda cha kamba, akapapasa, akatoa kikopo cha mtindi. Ndani hamkuwa na mtindi. Mlikuwa na krimu laini ya rangi ya biskuti, haina jina, haina karatasi, kama zile zinazochanganywa na wanawake wa sokoni nyuma ya mapazia.

"Nani kakupa mchanganyiko huu?"

Rihab alijifunika uso kwa viganja. "Nagla."

Nagla alikuwa dada wa Mutasim, na Mutasim ndiye bwana harusi, fundi wa mitambo ya baridi huko Doha.

"Alisema Mutasim ameona picha yangu, akauliza mbona nimepigwa jua hivyo."

"Na wewe umefungiwa humu ndani siku zote hizi! Jua gani limekupiga, la taa?"

"Alisema bibi harusi wa siku hizi hatoki na rangi yake."

Sittana alimtazama bintiye usoni. Uso ulikuwa umeng'aa kweli, umekuwa mweupe wa kushangaza, na yeye mama mtu alikuwa ameuona kila siku akadhani ni weupe wa kukaa ndani. Alijisikia mjinga. Kisha akakumbuka lile shimo, na zile jioni, na jinsi alivyokuwa akimwambia avumilie joto, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Ngozi umeichuna kwa dawa, halafu mimi naikalisha juu ya moshi," alisema polepole. "Nimekubanika kama samaki, mwanangu. Na wewe ukanyamaza."

"Usiseme, mama. Nakuomba. Ukisema, Nagla atakana, na mimi nitaingia nyumba ile nikiwa na adui sebuleni. Sema chochote, lakini usiseme hilo."

Uani, Abdelgayum, mume wa Sittana, alikuwa amekaa kivulini akijipepea kwa kipande cha kadibodi. Alikuwa karani wa mizani katika mnada wa gundi ya miti mpaka alipostaafu, na kazi ile ilimfundisha kuwa kitu kibaya kuliko vyote duniani ni watu wawili kupandishiana sauti. Alikuwa amesikia kila neno.

"Mama Rihab," alimwambia mkewe alipotoka, "sema ni unga."

"Unga wangu hauna kosa."

"Najua. Lakini unga hauna mdomo wa kulalamika. Nagla anao."

"Na mimi?"

"Wewe ni mama yake," alisema Abdelgayum, kama vile hilo lilikuwa jibu, akaendelea kujipepea.

*

Abdelgayum alikwenda duka la dawa kutafuta marhamu. Na kwa kuwa hakuwahi kununua kitu maishani mwake bila kueleza, alieleza. Alisema binti yake ameungua, mama yake alimsugua unga uliozidi makali, bahati mbaya tu, wanawake na mambo yao. Mwenye duka alisikitika. Wanawake wawili waliokuwa wakisubiri sindano walisikitika zaidi. Alirudi na marhamu, na habari ikawa imetangulia nyumbani.

Hanim wa nyumba ya tatu ndiye aliyekuwa wa kwanza kugonga. Alikuwa na kopo la dilka chini ya mtandio, analificha kama mtu aliyebeba nyama asiyotaka kugawa.

"Si kwamba nakushuku, shoga," alisema. "Wallahi sikushuku. Ila mume wangu anarudi Ijumaa kutoka Port Sudan, na sitaki anikute nimebabuka."

Sittana alifungua kopo. "Umeshatumia nusu, Hanim."

"Basi nirudishie ya nusu iliyobaki."

"Na hiyo nusu uliyotumia ilikuunguza?"

"Haikuniunguza." Hanim alitazama chini. "Lakini mtu hajui."

Sittana alimpa fedha yake. Baada yake alikuja mwingine, na mwingine, mpaka makopo yakapangana ukutani kama watoto waliofukuzwa shule. Mmoja hakuja mwenyewe, alituma mjukuu amwambie Sittana kwamba bibi amesafiri, na bibi alionekana kwenye kona akichungulia. Kila kopo lililorudi, Sittana alifungua kifuniko akanusa. Halikuwa na kosa. Alijua halina kosa. Alinusa hata hivyo, na hilo ndilo lililomuudhi kuliko fedha: kwamba wamemfanya ainuse kazi yake mwenyewe kwa mashaka.

Jikoni chungu cha chachu kilikuwa kinachemka kimyakimya chini ya kitambaa, kinatoa mapovu madogo. Alikirithi kwa mama yake, ambaye naye alikirithi kwa wake. Hakikuachwa kikauke hata siku moja. Kila asubuhi kilipunguzwa, kila jioni kiliongezwa unga na maji. Uji mwepesi uliotoka humo ulimwagwa juu ya bati la moto ukawa kisra, mkate mwembamba wa kila siku. Ule mzito ulikandwa ukawa dilka. Chungu kile kilikuwa kimelisha nyumba tumboni na kuivika mgongoni. Hata kanzu aliyovaa Abdelgayum kwenda kukisema vibaya dukani ilikuwa imetoka humo.

*

Asubuhi iliyofuata Hajja Alawiya, mama wa bwana harusi, alikuja na Nagla. Alikuwa mwanamke mnene wa sauti ya chini, wa aina ile ambayo haihitaji kupaza kwa kuwa watu hunyamaza wenyewe. Nagla alimfuata nyuma, uso umepakwa poda, mkoba mkononi.

Sittana aliwawekea sinia: kisra motomoto, mchuzi wa bamia, pilipili pembeni. Mgeni ni mgeni. Walinawa, wakala. Rihab alikuwa nyuma ya pazia la chumba, kama inavyotakiwa.

"Habari tumezipata," Hajja Alawiya alianza, akimega. "Watu wanasema mengi. Mimi nimekuja kuona kwa macho."

Rihab alitoa mkono nje ya pazia. Hajja Alawiya aliutazama, akashusha pumzi. Nagla hakuutazama. Nagla alidakia haraka, kama mtu anayewahi kiti.

"Khalti Sittana, samahani nikisema. Ule unga ulichacha kupita kiasi. Siku hizi hakuna anayetumia vitu vilivyooza. Watu wananunua vya dukani, vina tarehe, vina muhuri. Huwezi kumpaka bibi harusi kitu kinachotoa mapovu!"

"Kinachotoa mapovu," alisema Sittana.

"Ndiyo. Uozo ni uozo."

"Kisra unayokula, Nagla, ni tamu?"

"Tamu."

"Imetoka chungu hicho hicho. Chachu ile ile, unga ule ule, jana jioni. Hebu niambie basi, ngozi ya ulimi na ngozi ya mkono, ipi laini?"

Nagla aliacha kutafuna. Tonge lilikaa shavuni, halishuki wala halirudi. Abdelgayum, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, alikohoa kikohozi kisicho na mafua.

Hajja Alawiya peke yake ndiye aliyeendelea kula. Alimaliza kipande chake, akapangusa vidole. "Amesema kweli," alisema. "Basi kama si unga, ni nini?"

Sittana aligeuka kwenye pazia. Vidole vya Rihab vilikuwa vimelikamata pazia pembeni, vimekamata kwa nguvu hadi kucha zimebadilika rangi. Neno lilikuwa tayari mdomoni mwa Sittana, limekaa juu ya ulimi, lina jina la mtu. Akalimeza. Lilimkwaruza lilipokuwa likishuka.

"Moto," alisema. "Nilijaza kuni shimoni. Nilimkalisha karibu mno."

"Kwa hiyo ni mikono yako."

"Ni mikono yangu."

Nagla alimeza tonge lake, akamega jingine.

"Basi mikono hiyo ipumzike," alisema Hajja Alawiya. "Kuanzia kesho Nagla atakuja kumhudumia bibi harusi wetu."

Wetu! Sittana alimwangalia mume wake, amwone atasema nini. "Mungu akulipe heri, Hajja," alisema Abdelgayum. "Umetupunguzia mzigo."

*

Siku ya pili alasiri walikuja tena. Hajja Alawiya alikaa uani kwenye kiti chenye mto, akiwa ameegemea, akizungumza na Abdelgayum juu ya hema la wageni na wapi pawekwe feni. Nagla aliingia chumbani na mkoba wake akarudishia mlango. Sittana aliachiwa kazi ya kuwapikia kahawa katika nyumba yake mwenyewe, kama mjakazi wa kukodi.

Alikaanga buni, akatwanga na tangawizi, akaweka jebena, birika la kahawa, kwenye makaa. Dirisha la chumba lilikuwa juu ya kichwa chake.

"Huu una nguvu zaidi kidogo kuliko ule," ilikuwa sauti ya Nagla. "Utasawazisha. Tatizo lako uso umetangulia, mikono imebaki nyuma. Funga macho."

"Bado panauma, Nagla."

"Kinachouma ndicho kinachofanya kazi. Unataka kaka yangu aone aibu mbele ya watu?"

Jebena ilianza kupanda. Sittana aliiacha, akasukuma mlango kwa bega.

Nagla alikuwa amechovya vidole viwili kwenye kikopo kipya. Sittana alimshika kifundo cha mkono. Hakumshika kwa fujo. Alimshika kama anavyoshika unga mzito, mkono uliozoea kukanda tangu utoto, na Nagla hakuweza kuuondoa.

"Jipake wewe kwanza."

"Mimi nimeshapaka."

"Naona. Uso wako umeshafika Doha, vidole vimebaki Obeid." Aliinua mkono wa Nagla kwenye mwanga. Viungo vya vidole vilikuwa vyeusi, vimekauka, kama si vya mtu mwenye uso ule. "Paka hapa. Mbele yangu. Paka na utulie, tukuone."

"Mama!" Nagla alipiga kelele. "Mama, njoo, ananivunja!"

Hajja Alawiya aliingia, Abdelgayum nyuma yake akisema taratibu, taratibu, jamani. Sittana alifungua kinywa, lakini hakuwahi.

"Ni hii," alisema Rihab. Alikuwa amesimama juu ya mkeka, mikono ameiweka mbali na mwili kama mtu aliyetoka majini. Sauti ilimtetemeka mwanzo, ikatulia. "Si moto, si unga, si mama. Ni hii ya Nagla. Mimi nilipaka, mimi nikanyamaza, mama akabeba. Leo analetewa mtu wa kuniunguza humu ndani kwake, na yeye anampikia kahawa."

Hajja Alawiya hakukitazama kikopo. Hakuuliza ni nini, hakuuliza kimetoka wapi.

"Nani alikwambia upake kwa wingi hivyo?" alisema. "Nilimwambia Nagla akuambie kidogo kidogo."

Abdelgayum aliacha kusema taratibu.

"Ulijua," alisema Sittana. "Jana umekaa hapa unakula kisra yangu, unaniuliza kama si unga ni nini, na ulijua."

"Nilikuwa na njaa." Hajja Alawiya alivuta mtandio wake begani. "Sittana, usijifanye mtoto. Mwanangu anaishi na watu. Picha zinatumwa, wenzake wanaona, wake zao wanaona. Kila mama anamtakia mwanawe kinachong'aa. Nilikuachia njia ukasema ni moto, na mimi nikapokea, yakaisha. Wewe ndiye unayeyafukua."

"Yaliisha kwako. Mlangoni kwangu makopo yanarudi."

"Makopo yatapona. Binti avae mikono mirefu, au tusogeze harusi mpaka ngozi irudi. Nitazungumza na mwanangu. Na maneno haya yasitoke nje ya ukuta huu."

"Yale ya kunichafua yalitoka," alisema Sittana.

Nagla alifunga mkoba wake, kikopo akakirudisha ndani kwa uangalifu, maana vinauzwa ghali. Walipopita uani jebena ilikuwa imefurika na kuzima makaa. Hakuna aliyekunywa.

*

Mutasim alipiga simu kabla ya magharibi. Rihab aliiweka kwa sauti, katikati ya wazazi wake, juu ya mkeka.

"Rihab, haya ni mambo madogo," alisema Mutasim. Nyuma yake palisikika mashine ya baridi ikivuma. "Vaa mikono mirefu."

"Bibi harusi wa mikono mirefu umemwona wapi?"

"Basi tuahirishe kidogo."

"Wewe ulijua?"

Mashine ilivuma. "Mimi nilisema tu ile picha ilikuwa ya giza. Sikusema zaidi."

"Sikia, Mutasim. Nitacheza siku ile ile, na mikono hii hii. Nikijiangusha, unidake kama wanavyodakwa wenzangu. Utasimama na mimi au husimami?"

"Ngoja... ngoja nimuulize mama."

"Muulize vizuri. Na ukishamuuliza, mwambie acheze yeye."

Alibonyeza, simu ikazima. Machozi yakaja yenyewe na chumvi yake ikamchoma shavuni, ambako nako ngozi ilikuwa imeanza kuwa nyepesi. Sittana alimvuta karibu, akimwekea mikono mgongoni tu, pale ambapo hapakuwa na kidonda.

"Na hema?" aliuliza Abdelgayum.

"Mwambie mwenye hema asilete, baba."

"Atakata fedha tuliyotanguliza."

Abdelgayum alinyanyuka, akaenda ukutani, akaanza kuyarudisha yale makopo rafuni, moja moja, akiyageuza vifuniko viwe sawa kama alivyokuwa akipanga mawe ya mizani. Alipomaliza alisema bila kugeuka, "Kesho nitapita duka la dawa. Nitaeleza upya."

*

Alikwenda, akaeleza upya. Alieleza kwa urefu, akarudia, akamtaja Hajja Alawiya, akamtaja Nagla, akaapa. Alirudi nyumbani ametoka jasho, anajisikia mwanamume.

Sittana alikuwa ameweka bati motoni. Aliandaa kisra nyingi kuliko haja ya watu watatu. Moyoni alikuwa anangoja. Hakungoja Alawiya aombe radhi, hakuwa mjinga kiasi hicho. Alingoja hodi moja tu, mwanamke mmoja tu aje aseme nipe kopo langu. Rihab alikaa kando yake, mikono imepakwa marhamu, akichota uji wa chachu kwa kibuyu na kummiminia.

Hodi ilikuja kabla ya adhuhuri. Alikuwa Hanim.

"Nimesikia!" alisema, amesimama kizingitini, pumzi zinampanda. "Kumbe haikuwa unga! Nilisema mimi, muulize yeyote, nilisema mkono wa Sittana hauwezi kumdhuru mtu."

"Ulisema mtu hajui."

"Shoga, usinishike maneno."

"Haya. Umefuata kopo lako?"

"Ndiyo. Yaani, nitalichukua, baadaye." Hanim alisogea, akashusha sauti. "Hivi, huo mchanganyiko wa Nagla... anaupata kwa nani?"

Uji ulikuwa umeshamwagwa juu ya bati. Uliungua ukingoni, ukaanza kukunjamana, na Sittana hakuugeuza.

Rihab ndiye aliyenyanyuka. Alikwenda mlangoni, akakunja mkono wa gauni mpaka begani, akaunyosha mkono wake nje kwenye jua, karibu kabisa na pua ya Hanim, mkono wenye mabaka mekundu na mabaka meupe na kingo za ngozi zilizosimama.

"Unauzwa hapa," alisema. "Tazama bei."

Hanim alitazama. Alitazama kwa huruma ya kweli, akapiga ulimi, akasema maskini, maskini mtoto. Halafu macho yake yakapanda taratibu, yakapita bega, yakapita shingo, yakatulia.

"Lakini uso," alisema, "uso umetoka vizuri."

Sittana alifika mlangoni kwa hatua kubwa, akamrudisha binti yake ndani. Alitaka kuufunga ule mlango kwa kishindo, kishindo kisikike mpaka nyumbani kwa Alawiya. Lakini mlango ule ni wa bati, ulipinda siku nyingi na Abdelgayum huwa anasema atautengeneza. Aliusukuma, ukarudi. Akausukuma tena kwa mwili wote. Lilibaki pengo la kidole, na katika pengo lile jicho la Hanim lilikuwa bado lipo, linamtafuta Rihab usoni, likisubiri kujibiwa.